Rangi za Hadubini Zichaguliwe kwa Swali, Si kwa Orodha ya Muuzaji

Miongoni mwa vyombo vilivyobadili utafiti wa seli tangu mwaka 1987, hapana budi hadubini ya konfokali itajwe mapema. Chombo hiki hupitisha mwanga wa leza juu ya sampuli nukta kwa nukta, na kwa njia ya kitundu kidogo kilichowekwa mbele ya kipokezi huzuia mwanga utokao juu au chini ya tabaka linalotazamwa. Hivyo mtafiti hupata picha safi ya tabaka moja jembamba la seli, kisha la pili, kisha la tatu, bila kuigusa seli kwa kisu. Picha zake za buluu, kijani, nyekundu na manjano hupamba majalada ya majarida na kuta za maabara, na aghalabu ndizo zinazobaki katika kumbukumbu ya msomaji hata baada ya maneno ya makala kusahauliwa.

Uzuri huo una gharama yake. Rangi zionekanazo katika picha hizo si rangi za seli. Seli nyingi hazina rangi. Mtafiti ndiye anayezitia. Tena picha ya konfokali haipigwi kwa rangi hata kidogo. Kipokezi huhesabu kiasi cha mwanga tu, na kompyuta hupaka kila mkondo wa mwanga rangi aliyoichagua mtumiaji. Kwa hiyo picha inapoonyesha kwamba kijani na nyekundu zimekutana na kuzaa manjano, maana yake yaweza kuwa mojawapo ya mambo mawili yasiyohusiana: ama protini mbili zinakaa mahali pamoja ndani ya seli, ama rangi moja imevuja ikaingia katika mkondo wa nyingine. Macho hayawezi kutofautisha mambo hayo. Juu ya manjano ya namna hiyo hujengwa tasnifu, maombi ya fedha, na pengine matumaini ya dawa.

Ni jambo la kusikitisha basi kwamba uchaguzi wa rangi huchukuliwa mara nyingi kuwa jambo dogo. Katika maabara nyingi rangi huchaguliwa kwa kufuata kilichobaki katika friji, au kilichotumiwa na mwanafunzi aliyetangulia, au kilichosifiwa zaidi katika orodha ya muuzaji. Swali la utafiti huja nyuma ya hayo, na hadubini yenyewe huja mwisho kabisa, siku ile sampuli inapowekwa chini ya lenzi na kugunduliwa kuwa leza inayohitajika haimo. Utaratibu huo umepinduka. Swali ndilo litangulie, kisha hadubini iliyopo, kisha kingamwili, na rangi ziwe za mwisho kuchaguliwa; tena ziwe chache kadiri swali linavyoruhusu.

Msingi wa kazi yote hii ni fluoresensi, yaani tabia ya baadhi ya vitu kumeza mwanga wa rangi moja na kuutoa mara hiyo ukiwa wa rangi nyingine. Miongoni mwa vitu vya kwanza kuchunguzwa kwa ajili ya tabia hiyo ni kimoja ambacho wakazi wa Afrika Mashariki wanakijua kwa uchungu wake. Mwaka 1845 John Herschel wa Uingereza aliandika juu ya mng'ao wa buluu uonekanao katika maji yenye kwinini, dawa ya malaria itokanayo na gome la mti ambao ulipandwa pia Amani, katika milima ya Usambara, na huko Kivu. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes alieleza kwamba maji hayo humeza mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, na kutoa buluu inayoonekana. Naye ndiye aliyebuni jina la fluoresensi. Kanuni yake ingali ndiyo dira ya wataalamu hadi leo: kwa kawaida mwanga unaotoka huwa na urefu wa wimbi mkubwa kuliko ule ulioingia, kwa kuwa sehemu ya nishati hupotea njiani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda taratibu. Adolf von Baeyer aliunda rangi ya fluoresini mwaka 1871. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Albert Coons na wenzake huko Harvard, Marekani, waliunganisha rangi ing'aayo na kingamwili, na kwa mara ya kwanza rangi ikaweza kutumwa mahali maalumu ndani ya tishu kama barua yenye anwani. Marvin Minsky aliomba hataza ya hadubini ya konfokali mwaka 1957, lakini wakati huo leza haikuwa imetengenezwa bado, na kompyuta zilikuwa chache na dhaifu. Ndipo mwaka 1987 John White, Brad Amos na mwenzao wa Cambridge walipochapisha picha za seli zilizowashawishi wanabiolojia, na mashine zikaanza kuuzwa.

Kila rangi ing'aayo ina vilima viwili. Kilima cha kwanza huonyesha mwanga inaoumeza, na cha pili mwanga inaoutoa. Alexa Fluor 488, kwa mfano, humeza zaidi mwanga wa nanomita 490 na ushei, na hutoa zaidi mwanga wa karibu na nanomita 520, ambao jicho huuona kuwa kijani. Orodha za wauzaji hutaja nambari hizo mbili, na mnunuzi asiyekuwa mwangalifu hudhani kwamba rangi hukaa katika nambari hizo kama nyumba ndani ya ua. Sivyo. Kilima cha pili hupanda kwa ghafula upande wa mawimbi mafupi, lakini upande wa mawimbi marefu huteremka polepole na kuacha mkia mrefu. Mkia wa rangi ya kijani hufika katika eneo la chungwa na nyekundu. Mkia wa rangi ya buluu hufika katika kijani. Anayechagua rangi kwa kutazama vilele peke yake hajachagua bado. Sehemu ngumu ya kazi imo katika mikia.

Vimelea vya malale vinafaa kuwa mfano wa jambo hili, na mfano wenyewe una historia yake. Mwaka 1971, katika maabara ya Otto Dann huko Ujerumani, iliundwa kemikali iitwayo DAPI katika juhudi za kutafuta dawa ya ugonjwa huo. Kemikali hiyo ni ya ukoo mmoja na Berenil, ambayo wafugaji wengi wanaijua kwa kutibia nagana ya ng'ombe. Kama dawa, DAPI haikufaulu. Lakini iligunduliwa kwamba hushikamana na DNA, na ikishashikamana nayo mng'ao wake huongezeka sana. Leo karibu kila maabara ya seli duniani ina kichupa cha DAPI cha kuonyeshea viini vya seli, na wengi wanaokitumia hawajui kwamba kilizaliwa kwa ajili ya mbung'o.

Trypanosoma brucei akitiwa DAPI huonyesha madoa mawili ya buluu. Moja kubwa ni kiini. La pili dogo ni kinetoplasti, yaani fungu la DNA ya mitokondria, nalo hukaa kwenye shina la mjeledi ambao kimelea huutumia kuogelea. Kinetoplasti hugawanyika kabla ya kiini. Hivyo kwa kuhesabu madoa mtafiti hujua seli imefika wapi katika safari ya kujigawa. Kwa rangi moja tu, tena ya bei nafuu, hupatikana habari kubwa.

Sasa na achukuliwe mtafiti anayetaka kujua kama protini fulani, iliyo haba, hukaa kwenye shina hilo la mjeledi, palipo na mfuko ambao kimelea huutumia kuingiza chakula. Swali hilo si la mchezo. Mfuko huo ndio mlango wa kimelea, na penye mlango ndipo dawa hutafutiwa njia. Mtafiti anahitaji alama tatu: DAPI kwa DNA, kingamwili ya panya inayoshika ufito ulio ndani ya mjeledi, ambao protini zake ni nyingi sana, na kingamwili ya sungura inayoshika protini yake haba. Akichagua kwa mazoea, ataipa protini haba rangi ya kijani, kwa kuwa kijani ndiyo inayojulikana zaidi, na mjeledi ataupa nyekundu. Ataweka DAPI nyingi ili ionekane vizuri, kwa sababu DAPI humeza zaidi mwanga wa nanomita 358, ilhali leza ya buluu ya hadubini nyingi za konfokali ni ya nanomita 405, iliyo mbali na kilele hicho. Bado mng'ao utakuwa hafifu, naye ataongeza nguvu ya leza. Kisha atawasha leza zote kwa pamoja ili amalize haraka.

Atakachokiona ni doa dogo la kijani, safi na la kuvutia, kwenye shina la mjeledi. Ni mahali pale pale alipotazamia. Lakini ni mahali pale pale pia ilipo kinetoplasti, na mkia wa DAPI unaingia katika mkondo wa kijani. Zaidi ya hayo imethibitishwa kwamba DAPI ikipigwa sana na mwanga wa urujuanimno baadhi yake hubadilika na kuanza kutoa kijani na hata nyekundu. Na desturi ya kutafuta seli kwa dakika nyingi kwa taa yenye nguvu kabla ya kuanza kupiga picha huzidisha jambo hilo. Protini aliyoitafuta yaweza kuwa haipo kabisa katika seli zile. Kosa la namna hii ni baya kuliko makosa mengine kwa kuwa limevaa sura ya jibu. Sampuli iliyoharibika hutupwa, na picha iliyofifia hurudiwa. Lakini picha inayokubaliana na matumaini ya mtafiti hupelekwa jaridani.

Mtafiti huyo huyo angeweza kupanga mambo kwa namna nyingine. Protini haba angeipa rangi ya chungwa inayoamshwa na leza ya nanomita 561, kama vile Cy3 au Alexa Fluor 568, iliyo mbali na DAPI. Mjeledi wenye protini tele angeupa rangi ya nyekundu ya mbali, kama vile Alexa Fluor 647, ambayo mkia wake huelekea upande usio na mtu. Kijani angekiacha kitupu. Ushauri huo wa kuacha mkondo mtupu huwashangaza wengi, kwani huonekana kama kununua shamba na kutolilima. Lakini kijani ni mahali penye kelele nyingi. Seli zenyewe hung'aa kidogo katika buluu na kijani bila kutiwa chochote, na dawa za kuhifadhia sampuli, hasa glutaraldehidi, huzidisha mng'ao huo. Protini haba haifai kuwekwa sokoni ambako sauti yake haitasikika.

Kanuni iliyomo katika mpango huo ni kwamba kitu haba kipewe rangi yenye mng'ao mkali mahali penye utulivu, na kitu tele kipewe rangi ambayo mkia wake hauelekei kwa kile haba. Wauzaji hawaiandiki katika orodha zao, na hawana lawama, kwa kuwa hawajui ni protini gani iliyo haba katika seli za mteja. Anayejua ni mtafiti peke yake.

Suala la kuwasha leza zote kwa pamoja linastahili neno kali zaidi. Hadubini karibu zote za konfokali huweza kupiga mkondo mmoja baada ya mwingine, leza moja ikiwaka huku nyingine zimezimwa. Leza ya nanomita 561 ikiwa peke yake, DAPI haiamki, na mkia wake haupo. Sehemu kubwa ya uvujaji wa rangi huondoka kwa kubonyeza kitufe kimoja, na gharama yake ni dakika chache. Kwa sampuli iliyokwisha kuhifadhiwa, ambayo haiendi popote, hakuna udhuru wa kutofanya hivyo. Kwa kimelea aliye hai anayeogelea jambo ni jingine: kati ya mkondo wa kwanza na wa pili atakuwa amekwisha hama, na picha mbili hazitalingana. Hapo njia mbili hupigwa kwa pamoja, na kwa sababu hiyo rangi zinapaswa kutengana zaidi, na idadi yake kuwa ndogo zaidi.

Yapo pia mambo ambayo rangi, hata iwe bora namna gani, haiwezi kuyaokoa. Kingamwili mbili zilizotolewa kwa sungura haziwezi kutofautishwa na kingamwili ya pili inayoshika kila kitu cha sungura. Panya wadogo na panya wakubwa wa maabara ni ndugu wa karibu, na kingamwili ya pili iliyokusudiwa wa kwanza humshika na wa pili isiposafishwa maalumu. Vivyo hivyo kingamwili ya pili dhidi ya mbuzi hushika za ng'ombe na kondoo, hivyo mtafiti anayefunika sampuli kwa majimaji ya damu ya ng'ombe kisha akaitumia atapata ukungu unaong'aa kila mahali. Kwa hiyo wanyama waliotoa kingamwili wapangwe kwanza. Rangi hufuata nyuma yao.

Kuhusu ukali wa mng'ao, orodha za bidhaa zimejaa sifa, na sifa hizo nyingi ni za kweli mahali fulani. Ukali wa rangi hutokana na mambo mawili yanayozidishwa: kiasi cha mwanga inachokimeza, na sehemu ya mwanga huo inayorudishwa. Alexa Fluor 647 humeza mara tatu zaidi ya Alexa Fluor 488, lakini hurudisha karibu theluthi moja tu. Basi katika hesabu hizo mbili zinakaribiana. Hata hivyo hesabu hiyo haitaji kipokezi. Vipokezi vingi vya zamani hupoteza makali katika nyekundu ya mbali, na rangi iliyo sawa na nyenzake katika kitabu huonekana dhaifu katika chumba cha hadubini. Wala jicho la mtu halitasaidia, kwani nyekundu hiyo hulipita karibu bila kuonekana.

Ukali wa mwanzo tena si kitu kama rangi haidumu. Fikoeritrini, inayotokana na mwani mwekundu, ni miongoni mwa rangi zenye mng'ao mkali kabisa, na katika mashine za kuhesabu seli moja moja zinapopita mbele ya leza hufanya kazi nzuri. Huko kila seli hupigwa na mwanga mara moja tu. Chini ya konfokali leza hurudi mahali pale pale tabaka baada ya tabaka, na rangi hiyo hufifia kabla kazi haijafika katikati. Fluoresini nayo hufifia upesi, na mng'ao wake hupungua sana mazingira yanapokuwa na asidi, kama yalivyo ndani ya baadhi ya vifuko vya seli. Kwa muda mrefu ilikuwa ndiyo rangi ya kijani iliyopatikana kwa urahisi, na kazi kubwa zilifanywa kwayo. Maabara inayoanza leo haina sababu ya kuichagua kwa vipimo vya kiasi, isipokuwa fedha zikiwa haba kabisa. Na hata hapo huenda akiba hiyo ikaliwa na sampuli zinazorudiwa.

Linalobaki ni hadubini yenyewe. Hakuna rangi nzuri au mbaya mbali na mashine itakayoisoma. Hadubini za miaka ya 1990 zilikuwa na leza ya agoni yenye mwanga wa nanomita 488, na za heli na neoni zenye 543 na 633; nyingi zaidi za sasa zina leza ndogo za 405, 488, 561 na 640. Texas Red humeza zaidi karibu na nanomita 590. Kwa leza ya 543 huamka kwa uzito, kwa 561 huamka vizuri kidogo, na kwa 594 hung'aa kama ilivyosifiwa. Mtafiti aliyeagiza Texas Red kwa sababu makala ya mtu mwingine iliitaja amenunua pia, bila kujua, leza ya mtu mwingine. Karatasi moja yenye orodha ya leza, vichujio na vipokezi vya hadubini husika ingefaa ibandikwe katika kila ofisi ambako maombi ya kununua vifaa hutiwa sahihi, na ombi lolote la rangi lisilotaja leza lirudishwe kwa mwombaji. Yaweza kuonekana kama urasimu. Lakini kingamwili iliyotiwa rangi huvuka bahari ndani ya barafu, hulipiwa fedha za kigeni, na ikichelewa forodhani huharibika. Ikifika salama halafu leza isiwepo, hasara ni ile ile.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika nchi ambazo hadubini za konfokali ni chache. Mara nyingi mtafiti husafiri kwenda mji mwingine au nchi nyingine, akiwa na siku mbili au tatu alizopangiwa kwenye mashine, na sampuli zilizotoka kwa wagonjwa ambao hawatapatikana tena. Shauku ya kutia rangi nne katika kioo kimoja inaeleweka kabisa, kwa kuwa nafasi huenda isirudi. Lakini hapo ndipo rangi mbili zilizothibitishwa zinapokuwa na thamani kuliko nne zinazotiliwa shaka. Kila rangi inayoongezwa huongeza jirani wa kuvujiana naye. Rangi mbili zina jozi moja ya kuchunguza, tatu zina jozi tatu, na nne zina jozi sita.

Wapo watakaosema kuwa sayansi haiendelei kwa kupunguza. Na watazame kazi ya kifua kikuu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ulioruhusu hadubini za fluoresensi zenye taa ndogo za LED kuchukua mahali pa hadubini za kawaida katika kuchunguza makohozi. Rangi inayotumika ni moja tu, auramini, iliyolinganishwa vema na taa yake na na swali lake. Bakteria huonekana manjano na kijani juu ya giza, mchunguzi huweza kutumia ukuzaji mdogo na kuona eneo kubwa kwa muda mfupi, na chombo hakihitaji chumba cha giza kamili. Hakuna konfokali wala rangi ya pili ndani yake, na bado kazi inayofanywa na rangi hiyo moja ni kubwa mno.

Haina maana kwamba rangi moja hutosha kila mara. Swali la kama vitu viwili vinakaa pamoja haliwezi kujibiwa kwa rangi moja, na baadhi ya maswali ya kinga ya mwili yanahitaji kweli kutambua aina nne au tano za seli katika tishu moja. Kwa kazi hizo zipo hadubini zinazoupasua mwanga katika vipande vingi, na programu za kompyuta zinazotenganisha rangi zilizochanganyika. Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba vyombo hivyo vimeufanya uchaguzi wa rangi usiwe na maana tena. Hoja hiyo haisimami. Programu haiwezi kutenganisha rangi isizozijua. Nayo huzijua kwa kuonyeshwa sampuli iliyotiwa kila rangi peke yake, katika seli zile zile na kwa dawa zile zile za kuhifadhia. Pia haiwezi kuondoa chenga zilizoletwa na rangi yenye mng'ao mkali pale ilipomfunika jirani yake dhaifu. Mahitaji ya mashine ghali ni yale yale ya mashine nafuu, ila kosa lake ni gumu zaidi kulitambua kwa kuwa limepita katika hesabu.

Sampuli hizo za ulinganishi ndizo kipimo cha kweli cha uchaguzi, na ndizo zinazoachwa kwanza muda unapobana. Kwa kazi ya malale iliyoelezwa hapo juu, vioo vinavyohitajika ni vichache: kimoja kisichotiwa chochote, kimoja chenye DAPI peke yake, kimoja chenye rangi ya chungwa peke yake, kimoja chenye nyekundu ya mbali peke yake, na kimoja chenye kingamwili za pili bila za kwanza. Vyote hupigwa kwa mipangilio ile ile ya leza na vipokezi iliyotumika kwa kioo chenye rangi zote tatu. Kama kioo cha DAPI peke yake kinaonyesha doa katika mkondo wa chungwa, shauri limekwisha hapo hapo, kabla ya miezi sita kupotea. Kazi nzima yaweza kumalizika katika alasiri moja. Wasimamizi wa wanafunzi wana haki ya kudai picha hizo tano kabla ya kuitazama ile ya sita, na wahariri wa majarida wana haki hiyo hiyo. Kamati zinazogawa muda wa hadubini, kwa upande wao, hukosea zinapomkatia mwombaji saa za vioo vya ulinganishi kwa kuwa eti si utafiti wenyewe.

Jambo la mwisho ni rangi zinazopakwa na kompyuta, ambazo, kama ilivyoelezwa, hazina uhusiano wa lazima na rangi zilizotiwa katika seli. Desturi ya kuweka nyekundu na kijani juu ya picha moja huwanyima habari watu wasioweza kutofautisha rangi hizo. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini wapo karibu 8 katika kila 100, na katika Afrika wapo pia ijapokuwa ni wachache zaidi. Kijani na zambarau iliyokoza wekundu huonekana kwa urahisi zaidi kwa wote. Lakini lililo bora ni kila mkondo uchapishwe kwanza peke yake kwa kijivu, ndipo picha ya mchanganyiko ifuate. Jicho huona tofauti ndogo za mwanga vizuri zaidi katika kijivu kuliko katika buluu au nyekundu, na doa lililovuja hujitokeza kwa umbo lake lile lile katika mikondo miwili. Tena picha ya kijivu hupita salama katika mashine ya kuchapia isiyo na wino wa rangi.